Husuni Kubwa ya Kilwa Kisiwani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Husuni Kubwa ni nini, na iko wapi?

Ni magofu ya jumba la kifalme la karne ya 14, kwenye kisiwa cha Kilwa Kisiwani, mkoa wa Lindi, kusini mwa Tanzania. Halikujengwa ndani ya mji wa kale, penye Msikiti Mkuu na makaburi ya masultani. Liko nje yake, upande wa mashariki, juu ya mwamba unaoning'inia baharini. Eneo lake lote ni kama ekari 2, na vyumba vyake vimehesabiwa kupita 100. Kwa pwani ya Afrika Mashariki ya zama za kati, hakuna jengo la makazi linalojulikana ambalo lilipangwa kwa ukubwa wa namna hii.

Kama jina lake ni "husuni", basi ilikuwa ngome ya vita?

Hili ndilo swali la kwanza la karibu kila mgeni, na jina lenyewe ndilo linalompoteza. Husuni limetoka katika neno la Kiarabu *hisn*, yaani ngome au boma. Watu wa kisiwani waliyaita hivyo magofu mawili yaliyo jirani, kubwa na dogo, na majina yakabaki.

Lakini tazama jengo lenyewe linavyokaa. Lango kuu la Husuni Kubwa liko upande wa pwani: mtu alishuka chomboni na kupanda ngazi kutoka ufukweni hadi juu. Anayejenga kwa kuogopa adui wa baharini hamwekei ngazi. Hakuna handaki, hakuna minara ya kurushia mishale. Mwamba wenyewe ni kinga ya kutosha dhidi ya mwizi, ila haukutosha dhidi ya jeshi, na aliyejenga alilijua hilo. Kwa maoni yangu tulisome kama nyumba ya mfalme mfanyabiashara aliyetaka kila nahodha anayeingia bandarini aione kabla hajashusha tanga. Neno kasri linaifaa zaidi kuliko ngome.

Nani aliijenga, na tunajuaje?

Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala takriban kati ya mwaka 1310 na 1333. Alitoka katika ukoo wa Mahdali, wenye asili ya Yemen, ulioshika utawala wa Kilwa mwishoni mwa karne ya 13. Watu walimpa lakabu ya Abu al-Mawahib, baba wa vipawa, kwa sababu ya ukarimu wake. Tarikh ya Kilwa, kumbukumbu ya kale ya watawala wa mji huo, inasema kwamba katika ujana wake alisafiri kwenda kuhiji, akakaa Aden akisoma, huku ndugu yake Daud akimshikia mahali pake.

Ajabu ni kwamba tarikh hiyo haielezi jengo lolote linalofanana na Husuni Kubwa. Lilikuwa limekwisha sahaulika kwenye karatasi. Lililolirudishia mwenyewe ni jiwe. Mwanaakiolojia Neville Chittick, aliyechimba Kilwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuendelea katika miaka ya 1960, alipata humo vipande vya maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa kwenye matumbawe, vikiwa na jina la al-Hasan bin Sulaiman na cheo cha al-Malik al-Mansur, mfalme aliyenusuriwa. Mtindo wa jengo unaafikiana na ushahidi huo, maana kuba na matao yake ni ndugu wa yale ambayo sultani huyo huyo aliyaongeza kwenye Msikiti Mkuu.

Fedha za kujenga jumba kama hili zilitoka wapi?

Dhahabu ya Sofala. Dhahabu ilichimbwa bara, katika nyanda za juu za Zimbabwe ya leo, ikashushwa hadi bandari ya Sofala, pwani ya Msumbiji. Kilwa ilikaa mahali pazuri kuliko bandari zote: vyombo vya Arabuni na India vilivyokuja na kaskazi vilifika Kilwa na kurudi na kusi ndani ya msimu mmoja, lakini kwenda mbele zaidi hadi Sofala na kurudi katika msimu huo huo kulikuwa kugumu. Basi Kilwa ikawa mahali pa kungojea, kuuziana na kulipia ushuru. Pamoja na dhahabu zilipita pembe za ndovu, na kwa upande wa pili ziliingia nguo, shanga na vyombo vya udongo vya kung'aa.

Biashara hiyo ilikuwa na watumwa pia, na hatuna sababu ya kulificha jambo hilo. Katika masimulizi ya wakati ule watumwa wanatajwa kama zawadi, kwa sauti ile ile inayotajia pembe.

Kuna ushahidi mmoja mdogo unaonigusa kila ninapoukumbuka. Kwenye magofu ya Great Zimbabwe, mamia ya kilomita kutoka baharini, iliokotwa sarafu ya shaba yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman. Sarafu za Kilwa zilitungwa kwa vina, upande mmoja ukiitikia upande wa pili kama mishororo ya ubeti. Mtu fulani alitembea na ubeti huo mdogo mfukoni mpaka bara.

Je, ni kweli Ibn Battuta alilala Husuni Kubwa?

Msafiri huyo wa Morocco alifika Kilwa mwaka 1331, wakati wa sultani huyu huyu. Kulala kwake humo hakukuandikwa popote. Aliusifu mji, lakini jumba hakulitaja. Wanaosimulia kwamba sultani alimkaribisha kando ya birika la kuogea wanajaza pengo kwa mawazo yao.

Alichoandika ni kisa kinachomchora sultani vizuri kuliko jengo. Siku ya Ijumaa, sultani akitoka kuswali, fakiri kutoka Yemen alimsimamisha na kumwomba nguo alizovaa. Sultani akamwambia atampa. Fakiri akasema, sasa hivi. Sultani akarudi msikitini, akaingia chumba cha khatibu, akavaa nguo nyingine, akamwita fakiri azichukue zile. Watu wakamsifu sana kwa unyenyekevu wake. Mwanawe akazirudisha nguo kwa kumlipa fakiri watumwa 10, na sultani aliposikia jinsi watu walivyofurahi akaamuru aongezwe watumwa wengine 10 na mizigo miwili ya pembe. Ibn Battuta anaongeza kwamba sultani alipokufa, ndugu yake Daud akashika nafasi na kufanya kinyume: akiombwa, alijibu kwamba mtoaji amekwisha kufa na hakuacha cha kutoa.

Jibu hilo la Daud naliweka moyoni kila ninapofika kwenye swali la kwa nini jumba halikumalizika.

Ilijengwa kwa vifaa gani hasa?

Kwa bahari, karibu yote. Mafundi waashi wa pwani walitumia mawe ya aina mbili, na kila moja lilikuwa na kazi yake.

La kwanza ni jiwe gumu la matumbawe ya kale, lile linalochimbwa nchi kavu na ambalo mpaka leo linajengewa nyumba za pwani. Halichongeki vizuri. Lilivunjwa vipande, likapangwa kwa chokaa, likawa mwili wa ukuta.

La pili ni matumbawe hai, yanayokatwa chini ya maji bahari inapopwa. Yakiwa mabichi ni laini, kisu na tezo vinaingia. Yakikaa juani na upepo yanakauka na kuwa magumu. Haya ndiyo yaliyochongwa miimo ya milango, kingo za matao, vidaka na maandishi. Fundi alikuwa na muda mfupi wa kufanya kazi kabla jiwe halijamgomea, kwa hiyo tukiona mstari ulionyooka kwenye mwimo wa mlango wa Husuni Kubwa tujue mkono ule haukusita.

Chokaa nayo ilitoka humo humo. Matumbawe yalipangwa juu ya rundo la magogo, yakachomwa mpaka yakawa meupe, kisha yakaachwa yapate unyevu na kuiva kwa muda mrefu. Chokaa iliyoharakishwa hupasua lipu. Sakafu za jumba zilimwagwa chokaa nyeupe, na ndani kuta zikapigwa lipu. Jaribu kuwaza mwanga wa jua la asubuhi ya Kilwa ukiingia chumbani mle.

Cha tatu ni boriti za mikoko. Paa la kawaida lilikuwa bapa: boriti zinalazwa kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake mawe yaliyochongwa, kisha zege la chokaa linalopondwapondwa kwa siku nyingi mpaka lishikamane.

Mbona vyumba ni vyembamba kiasi hicho, na sultani alikuwa tajiri?

Kwa sababu ya boriti. Mkoko hautoi mti mrefu ulionyooka wenye uwezo wa kubeba dari nzito ya mawe kupita mita 2 na nusu hadi 3. Basi upana wa chumba uliamuliwa na mti, hata mwenye nyumba awe nani. Fundi aliyetaka nafasi alirefusha chumba badala ya kukipanua, au akaweka vyumba sambamba, kimoja nyuma ya kingine, kila kimoja kikiwa na giza na ubaridi zaidi kuliko kilichotangulia. Urefu wa kwenda juu ulikuwa kama mita 3.

Boriti hizo hizo za pwani yetu, hasa za delta ya Rufiji iliyo kaskazini ya Kilwa, zilipelekwa kwa majahazi hadi Arabuni na Ghuba ya Uajemi kwa karne nyingi, na nyumba za kale za huko zina vyumba vya upana wa namna ile ile. Mti mmoja ulipanga nyumba za pande mbili za bahari.

Husuni Kubwa ilijaribu kuuvunja mpaka huo. Sehemu zake fulani hazikuezekwa kwa boriti bali kwa matao na kuba, baadhi zikiwa na mbavu zinazopanda hadi kileleni. Kwa pwani hii wakati ule huo ulikuwa ujasiri. Msikiti Mkuu, ulioongezwa kwa mtindo huo, ulibomoka baadaye na ukajengwa upya katika karne ya 15.

Nikiingia leo, nitaona nini?

Tuchukulie unatoka upande wa kusini, nchi kavu. Unaanza na ua mkubwa, ulioviringwa na safu za vyumba. Wanaakiolojia wengi wanauona kuwa upande wa biashara: maghala, mahali pa kupokelea na kupimia mali. Hapa tunaelewa kwamba mfalme alilala karibu na bidhaa zake.

Ukisonga kuelekea baharini unaingia makazi yenyewe, ua kwa ua. Mmoja una ngazi pembeni kama mabaraza ya kukalia na ukumbi unaoutazama, na unadhaniwa kuwa ndipo sultani alipokaa na watu wake kusikiliza kesi na kupokea wageni. Kuta zina vidaka. Aliyekulia kwenye nyumba ya mawe ya Lamu au Unguja atavitambua mara moja. Vilikuwa vya kuwekea taa na vitu vya thamani.

Kisha birika. Lina pembe 8, limejengwa kwa mawe na lipu, lina ngazi za kushukia, na liko wazi juu ya mwamba, bahari ikiwa chini. Hilo ndilo linalopigwa picha kuliko yote, na linastahili. Lakini mimi nawaomba watu wakisimama pale wafikirie pia ndoo. Maji matamu ya kisiwani ni ya visima, na mwamba ni mrefu. Kila mara birika lilipojaa, kuna watu walioyapandisha maji hayo kwa nguvu zao, na majina yao hayakuchongwa kwenye jiwe lolote.

Mwisho kabisa, kwenye ncha ya mwamba, upepo wa bahari unakupokea, na ngazi zinashuka ufukweni. Sehemu hii imeharibika sana.

Wajenzi walikuwa Washirazi, Waarabu au Waswahili?

Swali linaulizwa kama vile jibu lazima liwe moja. Familia ya sultani ilijinasibisha na Yemen. Simulizi za kuasisiwa kwa Kilwa zinamtaja Ali bin al-Hasan wa Shiraz. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023, uliochunguza mifupa ya watu wa zama za kati kutoka miji kadhaa ya pwani, Kilwa na kisiwa jirani cha Songo Mnara ikiwemo, ulionyesha mchanganyiko: asili ya Kiafrika, hasa kwa upande wa akina mama, na asili ya Asia, hasa ya Uajemi, kwa upande wa akina baba. Yaani simulizi za wazee hazikuwa hadithi tupu, na wala hazikuwa habari nzima.

Kuhusu jengo, ramani yenye nyua zinazofuatana na birika la pembe 8 inaonyesha mtu aliyeona au kusikia habari za makasri ya ulimwengu wa Kiislamu. Jiwe, chokaa, boriti na ustadi wa kuvitumia ni vya hapa hapa. Ustadi huo ulianza kabla ya al-Hasan na uliendelea baada yake, na msamiati wake, boriti, kidaka, chokaa, dari, bado uko midomoni mwa mafundi wa pwani.

Na Husuni Ndogo?

Iko karibu kabisa, ng'ambo ya korongo dogo, na hiyo kweli ina sura ya ngome: boma la mstatili lenye minara kwenye pembe, na misingi inayoshuka mita 2 ardhini. Hailingani na jengo lingine lolote la pwani hii. Inakumbusha zaidi maboma ya jangwani ya wakati wa makhalifa wa Bani Umayya, ya karne nyingi kabla yake. Wengine wameona dalili kwamba kwa muda fulani ilitumika kama msikiti. Kazi yake hasa haijathibitishwa, na anayekutembeza akikupa jibu moja la uhakika, msikilize kwa heshima kisha muulize mwingine.

Je, inaweza kulinganishwa na makasri ya Ulaya?

Inaweza, tukilinganisha malengo kwanza. Mwaka 1295 mfalme Edward I wa Uingereza alianza kujenga kasri la Beaumaris huko Wales, kuta ndani ya kuta, na handaki la maji kuzunguka, ili kuwadhibiti watu aliowashinda. Al-Hasan alijenga ili kuvuta wageni wenye mali. Ndiyo maana moja linaugeuzia ulimwengu mgongo na lingine linaufungulia mlango. Jambo moja limeyafananisha: ujenzi wa Beaumaris ulisimama takriban mwaka 1330 kabla haujakamilika, kwa ukosefu wa fedha, na Husuni Kubwa nayo haikukamilika, karibu na miaka hiyo hiyo.

Kwa nini haikukamilika, na kwa nini iliachwa?

Ujenzi wa sehemu fulani uliishia njiani, na vitu vilivyofukuliwa vinaonyesha kwamba jumba lilikaliwa kwa muda mfupi. Miongoni mwa vigae vya vyombo vilivyoletwa kutoka ng'ambo, vingi ni vya celadon ya China, ile ya rangi ya kijani kibichi, pamoja na chupa ya enzi ya Yuan ya takriban mwaka 1300. Kisha kimya.

Nadhani sababu ni ya kawaida kuliko wengi wanavyotaka. Jumba la nje ya mji, lenye birika la kujazwa kwa ndoo na ekari 2 za dari za kupiga chokaa, linahitaji mwenye mali na mwenye moyo wa kutumia. Alipokufa al-Hasan akaja yule aliyesema mtoaji amekwisha kufa. Mji haukufa, Kilwa iliendelea kuwa tajiri, na msikiti ukajengwa upya. Waliotawala baadaye walirudi kukaa mjini, karibu na watu.

Si Wareno walioibomoa?

Hapana. Vasco da Gama alifika Kilwa mwaka 1502 na kumlazimisha mtawala wake, Amir Ibrahim, kulipa kodi ya dhahabu. Dhahabu hiyo ilitengenezewa chombo cha ibada cha Belém, kilichokamilika mwaka 1506 na ambacho kiko Lisbon mpaka leo. Mwaka 1505 Mreno mwingine, Francisco de Almeida, aliuteka mji, ukaporwa, na Wareno wakajenga ngome yao ufukweni, wakaondoka mwaka 1512. Kufikia wakati huo Husuni Kubwa ilikuwa gofu la zamani.

Ngome unayoiona ukikaribia kisiwa kwa mashua ni Gereza, iliyojengwa na Waomani mapema karne ya 19 mahali pa ile ya Wareno. Watu wengi huipiga picha na kuandika chini yake "Husuni Kubwa". Ni majengo mawili tofauti, na kati yake kuna karibu miaka 500.

Hali yake ikoje sasa?

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na yakaondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati.

Hata hivyo Husuni Kubwa ina tatizo ambalo lipu haiwezi kuliponya. Maji ya mvua yanamomonyoa udongo wa ukingo wa mwamba, na kuta zilizo ukingoni zinaelekea kuanguka baharini. Miti na vichaka vinavyoota pale vinasaidia kushika udongo, lakini mizizi yake hiyo hiyo inapasua kuta. Ukikata mti, udongo unakwenda. Ukiuacha, ukuta unafunguka. Wanaolitunza eneo hili wanafanya uamuzi huo kila msimu wa masika, mti kwa mti.

Ninafikaje, na nifanye nini nikifika?

Fika kwanza Kilwa Masoko, upate kibali cha kuingia eneo la magofu, kisha uvuke kwa mashua. Mlango wa bahari si mpana. Ukishuka kijijini chukua mwongozaji. Njia ya kwenda Husuni Kubwa inapita mashambani, na kwa mguu ni kama nusu saa, kwa hiyo nenda asubuhi na ubebe maji. Wengi huishia Msikiti Mkuu kwa sababu ya jua wakarudi, na ni hasara.

Usipande juu ya kuta, hata zile zinazoonekana imara. Na baada ya mvua, ukiona kigae cha kijani kinang'aa kwenye mchanga, kiache palepale kilipo. Mahali kilipolala ndipo panapomwambia mchimbaji wa kesho chumba kile kilitumika lini, na kikishaingia mfukoni kinakuwa kipande cha sahani tu.